Mlio wa Gia ya Tatu

Ukimsikia mtu wa huku akimsifu fundi, atakwambia fundi yule ana mikono. Islaw hana mikono, nisiwadanganye. Vidole vyake ni vinene, vimepinda, na kimoja alikiacha ndani ya injini ya lori la mbao akiwa kijana. Alicho nacho ni masikio. Makubwa, yamesimama kama ya popo, na tulimcheka kwa hayo tangu darasa la kwanza. Tulikaa dawati moja, kwa hiyo wengine wakimwita Nong Islaw kwa heshima ya mvi zake, mimi namwita Islaw tu, na akiniudhi namwita Popo.

Mimi ni Choling. Nauza wali na mchuzi pale mlima wa Kanlumbay unapoanzia, na karakana yake iko ubavuni mwa banda langu, kati yetu kuna bati lenye matundu. Mkewe alikufa mapema. Binti yake wa pekee, Merlinda, yuko Hong Kong analea watoto wa wenyewe. Basi mlo wake wa mchana ni kwangu, na mazungumzo yake na wateja nayasikia yote nipende nisipende. Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu mtu ameinama maisha yake yote mpaka mgongo ukaamua ubaki hivyohivyo.

Kazi yake ni giaboksi. Injini hagusi, breki hagusi, atakuelekeza kwa mwingine. Lakini madereva wa jipni, yale magari yetu marefu ya abiria yaliyopakwa rangi zote alizoumba Mungu, wanamfuata kutoka miji ya mbali, na kila mmoja akifika huanza kuliiga gari lake kwa mdomo. Mtu mzima, baba wa watoto, amesimama barabarani analia kama gari.

"Inafanya nguuuu, Nong."

"Nguuuu ya nyuki au ya mbwa?"

"Ya mbwa. Mbwa aliyekanyagwa mkia."

"Gari likiwa limesimama, gia huru, inalia?"

"Inalia."

"Ukikanyaga klachi?"

"Inanyamaza."

"Beringi ya mbele hiyo. Kazime, umetusumbua masikio."

Ndiyo hivyo, na spana hajashika bado. Ikinyamaza ukikanyaga klachi, ugonjwa uko kwenye shafti ya kuingilia. Ikianza kulia ukikanyaga, ni beringi ya klachi yenyewe. Ikisaga meno wakati unaingiza gia, zile pete za shaba zimekwisha. Ikilia kwenye gia moja tu, basi umeshamshika mwizi, kamtafute kwenye meno ya gia hiyo. Hayo nimeyapata kwa kupitia matundu ya bati, shule yake sikuiona. Mgonjwa akiwa mgumu, Islaw huchukua mwanzi wake mrefu, ncha moja anaiweka juu ya giaboksi, nyingine kwenye mfupa nyuma ya sikio, anafumba macho. Ole wako ugonge mwiko kwenye sufuria saa hiyo! Kisha anadondosha oili kiganjani, anaisugua, anaigeuzia jua kutafuta chembe za shaba. Siku moja alilisikiliza hivyo lori la barafu muda mrefu, jasho linamtoka dereva, akaondoa mwanzi akamwambia, "Bwana, giaboksi yako nzima. Toa chupa ya soda chini ya kiti."

Tulicheka mpaka wali ukaungua. Ila kwenye kelele yenyewe hakuwa na mzaha. Alikuwa akisema gari linalolia linaomba msaada, na anayelisikia akapita ni sawa na aliyemwona mtu anazama akaendelea kula muhogo wake. Hakuweza kupita. Hilo ndilo lililomponza, na ndilo nataka kuwaeleza.

Sasa Pidyo. Huyu alikuwa dereva wa jipni ya kijani yenye jina la mkewe, Fabiana, limeandikwa kwenye kipaji cha gari kwa herufi za kunakshiwa. Ndiye aliyembeba Merlinda siku ya ubatizo, kwa hiyo yeye na Islaw waliitana pare. Kwetu pare ni zaidi ya ndugu, maana ndugu hukumchagua. Alikuwa mtu wa maneno mengi, tumbo mbele, anaimba hovyo, na hakuna siku aliyopita bandani kwangu bila kuniuliza kama huo mchuzi ni wa leo au wa mwaka jana.

Mkewe huyo Fabiana, ambaye kwa heshima sote tulimwita Nang Biyang, alipofuka kwa ugonjwa wa sukari. Lilianza jicho moja, likafuata la pili. Watoto hawakujaaliwa. Macho yalipokwisha, alibaki na jiko lake, na hakukubali mtu mwingine alishike. Alipika kwa kupapasa, na alipika vizuri kuliko mimi, ingawa hilo nalisema leo tu.

Ile jipni ilikuwa na mlio kwenye gia ya tatu. Uuuuwiii, mwembamba, wa kunung'unika, kama mtoto aliyenyimwa kitu sokoni. Kutoka daraja la Butong gari hupanda kwa gia ya pili, mlima mkali. Ukifika tangi la maji mlima unapungua ukali, dereva anaingiza ya tatu, na hapo ndipo Fabiana ilipoanza kulia. Bonde lote lilisikia. Nang Biyang alikuwa amekaa mlangoni jioni, akiusikia tu anainuka, anainjika wali. Barabara inauzunguka mlima taratibu kabla ya kufika kwao, na wali unaiva kwa muda huohuo. Pidyo anazima gari, Biyang anafunua sufuria. Kila siku. Wali wa moto, mvuke juu, na ng'onda wake pembeni. Majirani waliokuwa na saa walikuwa wakizisahihisha kwa wali wa Biyang.

Islaw ule mlio ulikuwa unamtoa roho. Waligombana mezani kwangu, mchana baada ya mchana.

"Pare, nipe siku moja niifungue."

"Usiiguse."

"Meno yameliwa. Nayasikia hata ukiwa kule kwenye tangi."

"Biyang naye anayasikia. Ndiyo maana nasema usiiguse."

"Siku jino likikatika likaingia kati ya gia mbili, magurudumu ya nyuma yanakaba papo hapo. Umejaza abiria, unashuka, pembeni korongo. Huko utamwambia nani 'Biyang anayasikia'?"

"Nitamwambia Mtakatifu Petro nilikuwa na fundi mwenye masikio makubwa na roho ndogo."

"Sikio la kufa halisikii dawa."

"Na lako halisikii hapana," Pidyo akasema, kisha akanigeukia. "Choling, huu mchuzi una kuku au kuku alipita tu akausalimu?"

Wiki Kuu ilipofika, klachi ya Fabiana ilikuwa inateleza. Siku hizo magari hayatembei, watu wako kwenye maandamano na sala, kwa hiyo ndizo siku ambazo madereva huleta magari kutengenezwa. Pidyo akaiacha jipni karakanani Alhamisi, akapanda mlima kwa miguu. "Klachi tu, pare," alisema, kidole kimeinuliwa. Nilimsikia. Klachi tu.

Lakini huwezi kuifikia klachi bila kushusha giaboksi, anayejua magari anajua. Basi giaboksi ikalala mezani mbele ya Islaw, imeachwa peke yake na mtu yule. Mnategemea nini? Mwekee mlevi chungu cha tembo mbele yake uondoke.

Akaifungua. Aliniita nije nione, na niliona kwa macho yangu. Gia ya tatu ilikuwa imeliwa mashimo, na jino moja lilikuwa na ufa shinani. Mimi mpika wali niliuona ule ufa. "Abiria kumi na kitu kila safari, Choling," alisema. "Na yeye ndani." Alikuwa na gia nyingine nzima aliyoitoa kwenye giaboksi kuukuu ya Kijapani, pamoja na mwenzake inayoumana nayo meno.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa Kuu. Kwetu siku hiyo hakuna anayegonga nyundo, hakuna anayepiga msumari, hata kuoga watu hawaogi mchana. Mungu amekufa, wazee wanasema, hakuna wa kukulinda, na jeraha la siku hiyo halifungi. Islaw aliifunga nyundo kwa matambara akafanya kazi kimyakimya, mlango umerudishwa. Nilimwambia, "Popo, unatafuta laana." Akasema, "Afadhali laana iwe yangu kuliko korongo liwe la pare." Ile gia mbovu akanipa nizuilie mlango wa banda, maana upepo ulikuwa unaubamiza.

Jumatatu ya Pasaka Pidyo akaja. Aliendesha hadi kwenye kituo cha mafuta na kurudi. Akashuka, akasimama kando ya mlango wa gari, wala hakuniuliza habari za mchuzi. Niliogopa.

"Umeitoa," alisema mwishowe.

"Jino lilikuwa na ufa, pare. Muulize Choling."

"Biyang hatanisikia."

"Utapiga honi."

"Kona ya pale tangini kila dereva anapiga honi."

"Basi atakuzoea hivyo! Heri mke asiyekusikia unakuja kuliko mke atakayesikia umetumbukia."

Pidyo alimtazama, akatazama mlima. Kisha akacheka, ila kicheko hakikufika tumboni. Akamshika Islaw shingoni wakaja kukaa kwangu, wakanywa tembo la mnazi, na hakukuwa na ugomvi. Mtu akikuokoa kwa nguvu utamfanya nini? Utamshukuru, huna jingine.

Hata mwezi haukuisha. Pidyo alikuwa mjini, kwenye foleni ya kupakia abiria, asubuhi. Zamu yake ikafika, gari halisogei. Dereva wa nyuma akaligonga bodi, "Pidyo, sogea! Unaota nini?" Alikuwa ameegemea usukani. Moyo, walisema. Ulisimama tu.

Maiti ililazwa nyumbani kwao mlimani, taa huku na huku, watu wanakesha kwa karata na kahawa kama ilivyo desturi. Hatukufagia nyumba, hatukusindikiza wageni. Nilikaa na Nang Biyang kando ya jeneza. Mkono wake ulikuwa juu ya kioo cha jeneza, unapapasa mahali ulipo uso.

"Choling," akasema, "unajua alikula nini usiku wake wa mwisho?"

Nikamsogelea karibu zaidi.

"Mkate. Mkate mkavu na kahawa. Tangu gari lipone nilikuwa nasubiri pale mlangoni, nasikiliza, magari yanapita, hili silo, hili silo. Nashtukia mtu ameniwekea mkono begani. Nimekuja, Biyang. Anaingia kama mwizi! Jiko baridi. Nainjika wali, anakaa anasubiri, anasinzia mezani, anakula akiwa nusu usingizini. Siku nikijaribu kuwahi, unapoa kabla hajafika. Usiku ule nikasema ngoja niinjike. Akasema lala, Biyang, nimechoka, mkate unatosha." Akapapasa kile kioo tena. "Miaka yote ile hajalala bila wali wa moto wa mkono wangu. Kumbe ule wa mwisho ndio nimemnyima."

Hakutaja jina la mtu. Hakuwa mwanamke wa namna hiyo. Lakini Islaw alikuwa nyuma yangu na kikombe cha kahawa, na masikio yale, mnayajua. Aliweka kikombe sakafuni akatoka. Mfiwa hamsindikizi mgeni mlangoni, ni mwiko, kwa hiyo hakuna aliyemfuata.

Baada ya maziko watu wakaanza maneno. Si unaona, alifanya kazi Ijumaa Kuu. Wengine walikuja kuyasema bandani kwangu, na mmoja nilimnyang'anya sahani kabla hajamaliza. Upuuzi! Moyo wa Pidyo ulikuwa mbovu kwa mafuta ya nguruwe na sigara, gia haihusiki. Na ule ufa niliuona. Islaw alifanya lililo sawa, nitasema hivyo mpaka nazikwa. Na bado roho ilikuwa inaniuma, maana mkate ule nao ulikuwa kweli.

Yeye mwenyewe alizimika. Madereva wanakuja na nguuuu zao, anawajibu, "Inalia? Iache ilie." Mwanzi ulilala pembeni, kuku wakawa wanaukalia. Chakula hali, ndevu hanyoi. Siku ya tatu nikamwendea na sahani na hasira zangu zote.

"Wewe Popo, unataka kumfuata? Kaburi liko pale, kachimbe lako. Ulimwokoa mtu, moyo ukamkataa. Kosa lako liko wapi?"

"Nilisikia meno ya gia, Choling," alisema, hanitazami. "Pare alinieleza kwa mdomo wake, kila siku, hapo mezani kwako. Kwamba ile sauti ni ya mkewe. Nilidhani ananitania. Masikio yote haya, na sikumsikia."

Nilimwachia sahani nikaenda kulia jikoni kwangu, nikasingizia kitunguu.

Siku ya tisa ya msiba, sala za marehemu zilipokwisha, nilimwona anapanda ngazi za nyumba ya Nang Biyang. Akapiga magoti, akauchukua mkono wa yule mama akauweka kwenye paji la uso wake, kama tufanyavyo kwa wazazi.

"Nani huyu?" Biyang akauliza, akampapasa, akafika kwenye masikio. "Ah. Wewe ni rika langu, ya nini kuniamkia kama bibi yako?"

"Nang, niambie nifanye nini."

Alifikiri. Nilikuwa nakusanya vikombe, nikasimama.

"Unaweza kukirudisha ulichokitoa?"

"Kimeoza, Nang. Ni hatari."

"Sikukuuliza kama ni hatari. Nimeuliza unaweza?"

"Naweza."

"Roho haijaondoka mpaka siku ya arobaini, si ndiyo? Bado anakuja na kutoka humu. Basi nataka aje mara moja nimsikie kwenye tangi la maji. Niinjike, nimpakulie wa moto, aende ameshiba. Sitaki mume wangu aende huko na mkate tumboni."

Asubuhi yake Islaw alikuja bandani, akainama, akaichukua ile gia mlangoni pangu. Mlango ukabamizwa na upepo, nikaacha ubamizwe. Aliiosha kwa mafuta ya taa kwa brashi, polepole, uozo ule. Gia mwenzake mbovu alikuwa ameihifadhi kwenye kopo. Fabiana ilikuwa imerudishwa karakanani tangu msiba, vumbi limeijaa. Akashusha giaboksi, akatoa gia nzima, akarudisha mbovu. Safari hii nyundo haikufungwa matambara, iligonga mtaa mzima ukasikia.

Mngedhani ndiyo basi. Lakini aliinyanyua jipni kwa jeki, akaiwasha, akaingiza ya tatu, akaweka mwanzi sikioni, akatikisa kichwa. "Si yeye," akasema. Oili mpya ilikuwa nzito, inaufunika mlio. Akamwaga, akatia nyepesi. Akasikiliza. "Si yeye." Akafungua tena, akasogeza shafti unene wa ukucha, akafunga. Siku kadhaa alikuwa hivyo, mtu aliyeishi kwa kuua kelele sasa anaitafuta moja kama anayetafuta sindano kwenye makapi. Kisha adhuhuri moja nikiwa nachuja mchele niliusikia kupitia bati. Uuuuwiii. Mchele nikauweka chini. Nilichungulia tunduni. Islaw alikuwa amepiga magoti, mwanzi sikioni, macho kafumba, machozi yanaingia kwenye ndevu.

"Ndiye," alisema. Hakuna aliyemuuliza.

Siku ya arobaini nilipanda mlimani mapema kusaidia kupika. Tulichinja kuku, mchuzi wa tangawizi na majani ya mlonge, tukafunga mikate ya mchele kwenye majani ya mgomba. Nang Auring, kiongozi wa sala, alikuwa na kinamama wake. Sahani ya marehemu iliwekwa mezani tupu mbele ya kiti chake, na desturi ni kwamba haiguswi na aliye hai. Vyakula vyote tulipika sisi, ila wali hapana. Sufuria ya wali ilikuwa mapajani mwa Biyang, mchele umeoshwa, maji yamepimwa kwa kidole. Alikaa mlangoni.

Nilijua kitu kimoja ambacho wengine hawakukijua. Asubuhi ile Islaw aliniambia ule ufa umeongezeka alipokuwa anajaribu. "Utafika?" nilimuuliza. "Sijui," alisema. "Nitapanda peke yangu. Abiria hata mmoja." Na kuendesha kwenyewe hajui sana, fundi yule, barabara yake ni ya hadi kituo cha mafuta na kurudi. Kwa hiyo nilikuwa nakatakata vitunguu na kusali kwa wakati mmoja, na sala ilikuwa moja tu: jino lisikatike kabla Biyang hajausikia ule mlio.

Jua likalegea. Tukasikia injini mbali, darajani, gia ya pili. Maongezi yakakatika. Inapanda, inapanda, inakohoa.

"Anamwonea," Biyang akasema, uso umeelekea bondeni. "Hiyo gia anaivuta kama anang'oa muhogo. Pidyo angelia."

Tulicheka, na wengine walikuwa wanacheka huku wanajifuta. Kisha tangi la maji. Kimya kidogo cha kubadilisha. Halafu ikaja. Uuuuwiii, kupitia migomba, kupitia bonde lote, na mbwa wao mzee aliyekuwa amelala chini ya ngazi akainuka akaenda getini akitikisa mkia. Haki ya Mungu, sisemi uongo.

Biyang hakulia. Aliinuka, akahesabu hatua zake hadi jikoni, akainjika. Tulimsikia anapuliza moto. "Usisaidie," aliniambia kabla sijasogea. Mlio ukawa unauzunguka mlima, unapotea nyuma ya mwamba, unarudi, kila mara karibu zaidi, na yeye amesimama juu ya sufuria, kichwa kimeinama upande mmoja, midomo inatembea. Alikuwa anaongea naye. Sikusikiliza anasema nini.

Kona ya kanisa, ya mwisho kabisa, mlio ukavunjika. Kok. Kok-kok-kok. Kisha mlio wa tairi zikiburuzwa, kisha kimya.

Nilidondosha kisu. Wanaume wakakimbilia getini. Nang Auring akaanza Salamu Maria kwa sauti.

"Tulieni," Biyang akasema bila kugeuka. "Wali haujaiva."

Tulisimama pale. Nadhani ndio wakati mrefu kuliko wote niliowahi kusimama. Halafu tukasikia miguu kwenye kokoto, na Islaw akatokea getini, kofia mkononi, paji la uso linatoka damu kidogo.

"Jino limekatika pale kanisani, Nang. Magurudumu yamekaba. Nimemaliza kwa miguu."

"Nimesikia," Biyang akasema. Akafunua sufuria. Mvuke ukampiga usoni, harufu ya wali ikajaa nyumba nzima. Akapakua, akatia mchuzi, akapanga ng'onda pembeni, akaibeba sahani kwa mikono miwili hadi mezani, mbele ya kile kiti. Akakivuta kiti nyuma.

"Kaa, pare."

Hajawahi kumwita hivyo. Ilikuwa ni Pidyo tu.

"Biyang," Nang Auring akanong'ona, "hiyo ni ya marehemu."

"Najua ni ya nani. Kaa."

Islaw alinitazama mimi, sijui alitaka niseme nini. Akakaa. Akachukua kijiko. Wali ulikuwa wa moto wa kuunguza, naye hakungoja upoe, alikula huku machozi yanadondokea humohumo, anameza kama anameza mawe. Biyang alikaa kando yake, kiganja kimelala mezani karibu na sahani, anasikiliza kijiko. Kijiko kikaanza kukwaruza sahani.

"Ameshiba?" akauliza.

Islaw akaweka kijiko chini.

"Ameshiba, Nang."

Biyang akaitikia kwa kichwa. Akaivuta sahani, akaipapasa kwa vidole kuhakikisha hakuna punje iliyobaki, akaiweka kando.

"Haya," akasema. "Sasa nenda kaitoe ile kelele."